Kabla ya kuvutwa mgongo, mgonjwa aulizwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuzungumze na wasomaji wa Arusha, Moshi na vijiji vya kandokando ya Meru na Kilimanjaro kuhusu jambo linaloenea kwa kasi: kunyooshwa mgongo na kuzungushwa shingo.

Huduma hii sasa iko kila mahali. Kuna kliniki yenye kitanda maalumu na mtaalamu wa kairopraktiki, yaani tiba ya mgongo na viungo kwa mikono, aliyesomea fani yake. Kuna gym ambako mwalimu wa mazoezi humlaza mteja kifudifudi na kumkandamiza mgongo kwa viganja. Kuna saluni za kiume ambako kijana akishanyolewa na kusuguliwa uso hushikwa kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono mwingine, shingo ikazungushwa ghafla mpaka ilie. Wengi wa hawa wa mwisho wamejifunza kwa kutazama video kwenye simu. Sisi kazi yetu ni tiba ya viungo, na hatuandiki ili kuipiga vita kairopraktiki. Tunaandika kwa sababu ukanda wetu una magonjwa matatu yanayofanana kabisa na maumivu ya kawaida ya mgongo, na anayevuta migongo bila kuyajua anaweza kumlemaza mtu.

Kairopraktiki ilianzishwa Marekani na Daniel David Palmer, mjini Davenport katika jimbo la Iowa, mwaka 1895. Palmer aliamini kwamba karibu maradhi yote hutokana na pingili za uti wa mgongo zilizohama na kubana mishipa ya fahamu. Imani hiyo haikuthibitika, na wengi katika fani hiyo wameiweka kando, wakabaki na kazi inayoeleweka: kutumia mikono, mazoezi na ushauri kwa maumivu ya mgongo, shingo na viungo vingine. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo yake. Kwa mtu asiye na elimu ya afya, mwongozo unataka masomo yasiyopungua saa 4,200, ndani yake saa 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Msomaji alinganishe saa hizo na video ya dakika 3.

Kuhusu ule mlio unaowafanya watu waamini kwamba kitu kimerudi mahali pake: ndani ya kiungo kuna ute unaolainisha. Nyuso mbili za kiungo zikiachanishwa ghafla, shinikizo ndani ya ute hushuka na nafasi ya gesi hujitokeza, ndipo tunasikia mlio. Kiungo hicho hakiwezi kulia tena mpaka zipite kama dakika 20. Baada ya mlio misuli ya jirani hulegea kwa muda na mtu hujisikia mwepesi. Hakuna pingili iliyokuwa imetoka ikarudishwa. Pingili iliyotoka kweli, kama ya dereva wa bodaboda aliyegongwa Kisongo au Boma Ng'ombe, inahitaji ubao wa kumlaza, kola ya shingo na hospitali.

Je, inasaidia? Inasaidia, kwa kiasi. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa maumivu mapya ya kiuno, kunyooshwa mgongo hupunguza maumivu kwa takribani alama 10 kwenye kipimo cha 0 hadi 100, ndani ya wiki 6 za mwanzo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaitaja kati ya njia zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi, kuchuliwa na elimu kwa mgonjwa. Kwa hiyo anayeitumia vizuri anafanya kazi halali. Anayedai kwamba inatibu kisukari, pumu, presha au ugumba anadanganya watu, na tunalisema hilo bila kumung'unya maneno.

Sasa tuje kwenye magonjwa ya kwetu.

Maji yetu yanatoka kwenye miamba ya volkeno, na miamba hiyo huyapa madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kiliruhusu hadi miligramu 4, na baadhi ya vyanzo upande wa Ngarenanyuki na Momela vina zaidi ya miligramu 10. Kila mtu hapa anajua meno ya kahawia. Kisichojulikana vya kutosha ni kwamba floraidi hiyo hiyo huingia kwenye mifupa ya mtu mzima mwaka baada ya mwaka. Mfupa unakuwa mzito na mweupe sana kwenye eksirei, lakini ni mfupa unaovunjika kirahisi. Kano zinazofunga pingili nazo huota chokaa. Uti wa mgongo unakuwa kama fimbo. Mgonjwa anakuja akisema “mgongo umekaza, nataka ninyooshwe,” na kweli umekaza, ila uliokaza ni mfupa na kano, wala si misuli. Ukiusukuma kwa nguvu haulegei. Unaweza kuvunjika, na kwa mtu ambaye tundu la uti wa mgongo limeshakuwa jembamba, msukumo huo unaweza kuuumiza ugwe, yaani uzi wa fahamu unaopita ndani ya tundu hilo, na kumwachia udhaifu wa miguu.

Kuna majaribio matatu ambayo mtu yeyote anaweza kumfanyia mzee wake nyumbani, bila kifaa. Mwambie ainame ajaribu kugusa vidole vya miguu bila kukunja magoti. Mwambie ashushe kidevu mpaka kiguse kifua. Mwambie anyooshe mikono kando, kisha aikunje aguse kisogo. Mtu aliyeishi miaka mingi kwenye maji yenye floraidi, mwenye meno ya kahawia tangu utoto, akashindwa majaribio hayo, asinyooshwe na mtu yeyote kabla ya kupigwa picha. Picha ya mgongo ni lazima, na picha ya mkono kati ya kiwiko na kiganja husaidia sana, kwa sababu utando ulio kati ya mifupa miwili ya pale huwa umeota chokaa.

Wazazi nao tunawaomba. Mtoto mwenye matege kutoka vijiji hivi hanyooshwi kwa kuchuliwa mafuta wala kwa kufungwa vijiti. Apelekwe hospitali apimwe mapema, maana matege yana sababu zaidi ya moja na baadhi hurekebishika vizuri akiwa bado mdogo. Nyumbani, kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kinyume chake, maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki, hivyo kila lita inayosalia ina floraidi nyingi zaidi. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe paa, ndiyo bora kwa kunywa na kupikia, hasa kwa watoto walio chini ya miaka 8 ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja floraidi, na njia hiyo inafanya kazi mradi mkaa ubadilishwe unapojaa. Mkaa uliojaa hupitisha maji yanayoonekana safi yakiwa na floraidi yake yote. Na magadi. Tunajua makande na kiburu bila magadi ni kazi kuiva, lakini magadi mengine yana floraidi nyingi mno, na ndiyo sababu meno ya kahawia yanaonekana hata kwenye kaya ambazo maji yake hayana tatizo. Kuloweka mahindi na maharage usiku kucha hupunguza haja ya magadi.

Ugonjwa mwingine ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Jina la “kifua” linapoteza watu, kwa sababu mgonjwa anaweza asikohoe kabisa, na hata kipimo cha makohozi kikatoka safi. Maumivu huanza polepole, sehemu moja, mara nyingi katikati au chini ya mgongo, yakazidi kwa wiki na miezi. Yanamwamsha usiku. Kuna homa ndogo za jioni, jasho linalolowesha shuka, uzito unashuka. Baadaye pingili iliyoliwa na ugonjwa huporomoka na kibyongo chenye ncha hutokeza. Pingili ya namna hiyo ikikandamizwa kwa uzito wa mtu mzima inaweza kuporomokea ugwe, mgonjwa akainuka kitandani miguu haina nguvu. Eksirei ya mwanzoni inaweza kuwa safi, kwa hiyo picha safi pamoja na dalili hizo haitoshi kumpa mtu ruhusa ya kuvuta. Wachimbaji wa Mirerani wachukue tahadhari zaidi, kwa kuwa vumbi la mawe huharibu mapafu na kuipa kifua kikuu njia. Dawa ni bure katika vituo vya serikali, na hospitali ya Kibong'oto iliyopo Siha imekuwa ikihudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu 1926. Matibabu ya mfupa huchukua muda mrefu kuliko ya mapafu, kwa kawaida miezi 9 hadi 12, na anayeacha katikati kwa sababu maumivu yamekwisha hurudi akiwa na hali mbaya zaidi.

Brusela ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ndiyo ule ugonjwa unaotupisha mimba ng'ombe na mbuzi, na binadamu huupata kwa maziwa mabichi, mtindi uliogandishwa bila maziwa kuchemshwa, au kushika kondo na mimba iliyotoka bila glavu. Homa huja na kuondoka, mtu anatibiwa malaria mara kadhaa, kisha kiuno kinaanza kuuma upande mmoja, pale kiuno kinapokutana na tako. Mkandaji akibonyeza hapo mgonjwa anaruka, naye anadhani amegundua “mshipa.” Kinachohitajika ni kipimo cha damu na antibiotiki mbili kwa pamoja kwa muda usiopungua wiki 6, na pingili ikishaathirika muda huongezeka hadi miezi 3 au zaidi. Vidonge vya wiki moja kutoka duka la dawa hutuliza homa, ugonjwa unabaki kwenye mfupa.

Tutaeleza sasa mtaalamu mzuri anavyofanya, ili mgonjwa ajue anachopaswa kudai. Kabla hajagusa mtu, anauliza: maumivu yalianza lini na kwa nini, yanaamsha usiku? Kuna homa, jasho, kupungua uzito? Umewahi kuwa na saratani, hasa ya matiti au tezi dume? Unatumia prednisolone kwa muda mrefu, au dawa ya kuzuia damu kuganda? Umeanguka? Maji yako ya kunywa ni ya wapi, na maziwa unakunywa ya namna gani? Haja ndogo inatoka sawasawa? Swali hili la mwisho watu huona aibu kulijibu, lakini lina uzito kuliko yote. Mtu mwenye maumivu ya kiuno ambaye ghafla hawezi kukojoa, au haja inamtoka bila kujua, au amekufa ganzi sehemu inayokalia tandiko la baiskeli, apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo, iwe KCMC au Mount Meru. Mishipa ya fahamu ya chini imebanwa, na kila saa inayopita bila upasuaji inapunguza nafasi ya kupona.

Kisha anapima. Anamtazama mgonjwa akitembea kwa visigino na kwa ncha za vidole. Anagonga goti na kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira, anaomba kidole gumba cha mguu kikaze dhidi ya mkono wake, anagusa ngozi kulinganisha hisia za kulia na kushoto. Anamlaza chali na kuinua mguu ulionyooka polepole. Maumivu yakishuka chini ya goti mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, huenda mshipa wa fahamu umebanwa na sahani ya kati ya pingili. Anagonga kila pingili taratibu kwa ngumi, moja baada ya nyingine, kwa sababu pingili moja inayouma kwa kugongwa ni ishara ya ugonjwa ndani ya mfupa. Haya yote hayazidi dakika 30. Asiyeyafanya, ondoka.

Shingo tunaiwekea maneno yake. Pingili zake ni 7, na mishipa miwili ya damu inayopanda nyuma ya ubongo hupita ndani ya matundu ya pingili 6 za juu. Karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo hufanyika kati ya pingili ya 1 na ya 2, pale ambapo mshipa umejipinda. Mzunguko wa ghafla unaweza kuchana utando wa ndani wa mshipa, damu ikaganda hapo, kipande kikaenda kwenye ubongo. Si jambo la kila siku, lakini hutokea hata kwa vijana wenye afya. Tena maumivu mapya ya shingo pamoja na kichwa kuuma kisivyo kawaida yanaweza kuwa yenyewe dalili ya mshipa ulioanza kuchanika, na huyo ndiye anayekimbilia kuvutwa! Baada ya kuzungushwa shingo, ukisikia kizunguzungu, ukaona vitu viwiliviwili, ulimi ukawa mzito, ukashindwa kumeza au ukayumba, usilale ukisubiri kuamka mzima. Nenda hospitali, ukaseme wazi kwamba shingo ilivutwa. Kwa maoni yetu kinyozi hana sababu yoyote ya kuzungusha shingo ya mteja, na huduma hiyo iondolewe saluni kabisa.

Wagonjwa wengi, kwa bahati nzuri, hawana ugonjwa wowote kati ya hayo. Wana mgongo uliochoshwa. Maumivu mapya ya namna hii mara nyingi hupungua ndani ya wiki chache yakipata msaada mdogo. Usilale kitandani zaidi ya siku moja au mbili. Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa, kiwekwe mgongoni dakika 15 hadi 20. Tembea dakika 10, mara 3 kwa siku, ukiongeza kila siku. Lala chali, kunja magoti, inua nyonga mpaka mwili ulingane kutoka bega hadi goti, shikilia sekunde 5, rudia mara 10, asubuhi na jioni. Maumivu yakisogea kutoka mguuni kurudi kiunoni, unaenda vizuri. Yakishuka kuelekea mguuni, punguza na urudi kwa mtaalamu. Sindano ya diklofenaki ya kila wiki si tiba. Inachubua tumbo, inaumiza figo, na inaficha kifua kikuu mpaka kibyongo kitokeze.

Kazi zetu nazo zirekebishwe. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Galoni mbili za lita 10, moja kila mkono, hubebeka kwa usalama zaidi kuliko kuchuchumaa na kuitwisha kichwani peke yako. Mpagazi wa Kilimanjaro, ambaye mzigo wake una kikomo cha kilo 20, aweke vitu vizito karibu na mgongo na juu ya kiuno, na anaposhuka apige hatua fupi ili magoti yasipokee mshindo wote. Dereva wa utalii aliyetikiswa saa nyingi barabarani asishuke na kunyanyua tairi la spea papo hapo. Baada ya kukaa na kutikiswa muda mrefu, mgongo huumia kirahisi. Atembee dakika 10 kwanza.

Kuna biashara ya vifurushi pia. Mgonjwa anapigwa eksirei, anaonyeshwa kwamba pingili “zimesagika,” anatozwa kwa mkupuo fedha za kunyooshwa mara 24 au zaidi. Uchambuzi wa picha za watu wasio na maumivu yoyote, uliotolewa mwaka 2015, ulikuta sahani zilizochakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya watu wa miaka 80. Kuchakaa kwenye picha peke yake, basi, si ugonjwa. Lipa kila unapohudumiwa. Kama baada ya mara 4 hadi 6 hakuna nafuu inayoonekana, kama kuinama kuvaa viatu au kulala usiku bila kuamka, huduma hiyo haikufai na ni wakati wa kutafuta sababu nyingine.

Ndugu Mhariri, tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 lipo Baraza linalosajili watoa huduma hizo. Tunakuomba wewe na wenzako wa redio za hapa msipokee tangazo la kunyoosha mgongo lisilo na namba ya usajili ya mtoa huduma. Na maafisa afya wa halmashauri, wanapopita kukagua saluni na gym, wabandike ukutani maswali tuliyoyataja juu: usiku, homa, uzito, maji, maziwa, saratani, dawa, kuanguka na haja ndogo. Karatasi moja inatosha.

Wataalamu wa tiba ya viungo,
Moshi na Arusha